Moteri Iliyokunywa Maji

Mazungumzo ya leo ni ya mikono yenye oili.

Nyuma ya nyumba nyingi za Kasongo, Maniema ya kusini, kuna motokari iliyopandishwa juu ya magogo. Matairi yalishatolewa yakaenda kutumika kwingine, na boneti imefunikwa kwa kipande cha bati ili mvua isiingie. Mwenyewe akiulizwa hasemi kwamba gari limekufa. Husema linangoja moteri. Linaweza kungoja miaka mingi, watoto wa boma wakajifunza kusimama kwa kushikilia bampa yake, na bado baba yao anamjibu kila mgeni kwamba moteri iko njiani.

Kisha kweli inafika. Ni ya mtumba, na kwa kawaida ina ugonjwa: imekwama, au ilichemka, au ilikunywa maji. Kama ingekuwa nzima, mtu wa kipato cha kawaida asingeimudu. Basi mwenye gari anamwita fundi, fundi anakizunguka kile chuma mara mbili tatu, anaingiza kidole kwenye tundu la oili, ananusa, na hapo majirani wote wanakuja kutazama. Wengi wao hudhani kazi inayoanza ni ya kufungua na kufunga, na fundi hodari ni yule anayefunga upesi. Hapo ndipo penye kosa. Kufufua injini iliyoharibika ni kazi ya kupima. Fundi asiyepima, hata awe na mikono ya dhahabu, anacheza bahati nasibu kwa pesa ya mtu mwingine.

Ni vizuri kwanza kuijua safari ya chuma hicho. Injini nyingi za mtumba zinazofika mashariki ya Kongo hutoka kwenye magari yaliyochakaa Japani, na nyingine hupitia masoko ya vipuri ya Dubai na Sharjah. Zikishushwa Dar es Salaam, kuna reli ya kati hadi Kigoma, kilomita 1,252, reli ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914. Hapo ni maji. Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika kuna njia mbili za kwenda Maniema ya kusini. Moja hushuka Uvira au Baraka, ikapanda Fizi, Lulimba, Salamabila, ikaingia Kabambare kwa barabara inayojulikana kwa matope yake. Nyingine hushuka Kalemie, ikafuata reli kilomita 273 hadi Kabalo, kisha Kongolo, kisha Samba. Na hata Samba si Kasongo, maana reli iko ng'ambo ya magharibi ya Lualaba na mji uko mashariki. Mto sharti uvukwe.

Treni yenyewe haina saa. Wakati wa vita vilivyoanza 1998, mizigo ya nchi hii ilibebwa na wanaume waliosukuma baiskeli kwa mamia ya kilomita, na hata baada ya amani hakuna aliyerudi kuamini ratiba. Kwa hiyo injini iliyofika Kasongo haiwezi kurudishwa. Ukifungua ukakuta krenki imepasuka, hakuna duka la kulalamikia. Muuzaji yuko ng'ambo ya ziwa, na pengine yeye mwenyewe alinunua bila kuifungua.

Injini za huku hufa kwa njia nne, na tatu kati yake zinaelezeka haraka. Ya kwanza ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Agosti, kiangazi kinapokausha njia, vumbi jekundu lenye chembe za mchanga hupita kwenye kichujio cha hewa kilichochanika, likaingia ndani ya silinda. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda, na ukichanganyika na oili unakuwa dawa ya kusagia. Pikipiki za TVS na Boxer, ambazo madereva wengine hung'oa vichujio vyake wakidai vinapunguza nguvu, huanza kutoa moshi wa buluu mapema sana. Ya pili ni oili: ile inayouzwa kwenye chupa isiyo na jina, ambayo hakuna ajuaye kama ni mpya au imetoka tumboni mwa gari jingine ikachujwa kwa kitambaa. Ya tatu ni joto. Maji yakikauka kwenye rejeta na dereva akaendelea ili afike kijiji kinachofuata, kulasi ya aluminiamu, kile kifuniko cha juu ya silinda, inapinda. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, na kulasi imefungwa kwa bolti juu ya chuma hicho hicho, haina pa kwenda. Inapinda, gasketi inaungua, maji na oili vinakutana.

Njia ya nne ni maji ya mto, na hapa inafaa kukaa zaidi.

Kutoka Kasongo kwenda Kabambare na kuendelea Fizi, vijito ni vingi na madaraja ya kuaminika ni machache. Bonde lote ni la Luama, mto unaokuja kumwaga maji yake Lualaba. Msimu wa mvua, gari linaingia kwenye kivuko ambacho jana kilikuwa cha magoti. Maji yanapanda hadi kwenye mdomo wa kichujio cha hewa, injini inavuta maji badala ya hewa, inazimika. Mpaka hapo, mara nyingi, hakuna kilichovunjika. Kinachofuata ndicho kinachoua. Dereva anaogopa, abiria wanapiga kelele, mzigo wa mchele unalowa, na mkono unaenda kwenye ufunguo. Anapiga stata.

Chukua hesabu ya injini inayopendwa kuliko zote huku, Toyota 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Kila silinda ina kama sentimita 694 za ujazo. Mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1. Maana yake, pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita 32 za ujazo tu: vijiko viwili vya mezani vya maji, na zaidi kidogo. Hewa inakubali kubanwa mpaka humo. Maji hayakubali. Silinda ikiwa na maji zaidi ya vijiko hivyo, pistoni inayopanda inagonga kama imegonga mwamba, na kitu dhaifu ndicho kinachosalimu amri, nacho ni konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Inapinda. Pengine inapinda kidogo sana, injini inawaka tena, dereva anamshukuru Mungu, na baada ya wiki kadhaa fimbo inakatika njiani na kutoboa ubavu wa injini. Tundu hilo mafundi wanalijua. Injini nyingi zinazouzwa kwa bei ya huruma zina kiraka cha kulehemu mahali hapo, na kiraka kimepakwa rangi.

Kuna chombo katika eneo letu kinachothibitisha kwamba maji peke yake si mwuaji. Ni meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa na kiwanda cha Meyer, Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam katika masanduku yapatayo 5,000, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, Wabelgiji wakishambulia kutoka upande wa Kongo na reli ikiwa karibu kukatwa, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini mafundi wa kiwanda waliokuja nayo walifanya jambo moja kabla ya kuifungulia maji: walizipaka injini grisi nene kila mahali. Waingereza waliiinua mwaka 1924. Injini na boila zilikutwa bado zinafaa, zikatengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Injini hizo za mvuke ziliendelea kusukuma meli mpaka miaka ya 1970, zilipotolewa na kuwekwa za dizeli.

Karibu miaka minane chini ya ziwa! Na gari la Kabambare linakufa kwa nusu dakika mtoni. Tofauti ni kwamba injini ya Götzen ilizama ikiwa imesimama na imepakwa mafuta, na hakuna aliyejaribu kuiwasha ikiwa imejaa maji. Gari lililozimika Luama nalo lingepona kama dereva angelivuta kwa kamba mpaka pakavu, akatoa nozo zote, akazungusha krenki kwa mkono mpaka maji yaruke nje, akamwaga oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa na kuweka nyingine. Ni kazi ya mchana mmoja. Kutopiga stata hakugharimu hata franka moja.

Sasa turudi bomani, kwenye chuma kilichokuja. Fundi anayejua kazi hakimbilii kununua vipuri. Anafungua, anaosha kwa mazuti, yaani dizeli, anapanga kila kitu chini kwa utaratibu wa silinda zake, kisha anauliza maswali ambayo chuma kinayajibu chenyewe. Kuna vipimo visivyohitaji fedha. Zungusha krenki polepole na ulaze rula ya chuma juu ya bloku: pistoni zote zifike kimo kimoja. Ile inayobaki chini ya wenzake, konrodi yake imepinda, na hapo hadithi ya mto inajulikana hata kama muuzaji aliapa kwa kaburi la mama yake. Geuza kulasi juu chini, mimina mafuta ya taa katika kila chumba cha vali, ngoja. Yakivuja upande wa pili, vali hazikai vizuri, zisagwe kwa dawa na mkono mpaka ziache mstari wa kijivu ulio sawa pande zote. Chukua ringi mpya, iingize peke yake ndani ya silinda, isukume iwe sawa kwa kutumia kichwa cha pistoni, kisha tazama pengo kati ya ncha zake. Kwa silinda yenye upana wa milimita 100, pengo la theluthi ya milimita hivi ni la kawaida. Likiwa kubwa mara tatu, silinda imeliwa, na ringi mpya humo ni pesa iliyotupwa.

Baada ya hapo macho na rula havitoshi tena. Nafasi ya oili kati ya krenki na beringi zake ni sehemu ndogo ya milimita, kama tano au sita katika mia. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Pistoni za kuzidishia huja kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Hakuna kidole duniani kinachoweza kusema kama silinda imeliwa kwa 0.15 au kwa 0.30, na jibu hilo ndilo linaloamua ni pistoni gani iagizwe kutoka ng'ambo ya ziwa. Akiagiza isiyo sahihi, amepoteza miezi. Hiyo ni kazi ya mikromita na ya kipimo cha ndani ya silinda. Na katika magaraji mengi ya huku utakuta spana za kila namba, nyundo tatu, jeki, tarimbo, na hakuna mikromita.

Penye upungufu huo ndipo ujanja mbaya unapozaliwa. Beringi imelegea? Kinakatwa kipande cha kopo la maziwa, kinawekwa nyuma yake ili ibane. Krenki imechubuka? Inasuguliwa kwa msasa uliozungushiwa kamba, mpaka ing'ae. Inang'aa kweli, lakini imekuwa yai, si duara. Silikoni nayo inapakwa kila mahali kama siagi kwenye mkate. Ziada inaminyika ndani, inadondoka kwenye sampu, inaenda kuziba chujio la pampu ya oili, na injini inakufa kwa kiu ikiwa na lita zote za oili tumboni. Fundi wa kopo la maziwa hutetewa sana: ati afanyeje, na vifaa hana? Utetezi huo una ukweli ndani yake. Ila mteja aambiwe mapema kwamba amefungiwa kopo, achague mwenyewe kama atapakia abiria kumi na tano kwenda nalo Salamabila.

Ajabu ni kwamba mafundi hao hao wana injini moja wanayoifufua vizuri kabisa, tena vijijini, bila mashine yoyote. Ni ile ya Kichina ya silinda moja, aina ya S195, nguvu ya farasi 12, inayozungusha vinu vya kukobolea mpunga na kusaga muhogo. Mpunga ulikuja Maniema na Waswahili na Waarabu wa pwani katika karne ya 19, Kasongo ikiwa mji wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, na mpaka leo Kasongo na Kabambare ni nchi za mchele. Kinu kikinyamaza wakati wa mavuno, kijiji kizima kinajua. Sasa injini hii imeundwa kwa akili: silinda yake ni bomba la chuma linalochomekwa ndani ya bloku, maji yakilizunguka kwa nje. Likiliwa na vumbi halichongwi. Linagongwa likatoka, jipya likaingizwa pamoja na pistoni na ringi zake, mipira ya kuzuia maji ikabadilishwa, kazi imekwisha. Kipenyo ni milimita 95, na kila kitu ndani ya kasha kinalingana tangu kiwandani. Fundi hana haja ya kupima kwa sababu mwenye kiwanda ameshampimia.

Hii ndiyo sababu mtu asimdharau fundi wa kinu. Vijana wengi huanzia hapo, wakapanda pikipiki, kisha Land Cruiser. Mikono yao haina tatizo. Wanapofika kwenye bloku inayotaka kuchongwa na krenki inayotaka kusuguliwa kwa mashine, ndipo wanapokuta ukuta: mashine ziko Bukavu, Kalemie au Lubumbashi, na bloku ya silinda sita haibebwi mgongoni. Kwa gharama ya safari hiyo, mtu mwingine angenunua nusu injini nyingine. Kwa hiyo haendi, anafunga alivyofunga, na gari linarudi kwenye magogo.

Kuna pia jambo la kuchagua injini kabla ya kuipenda. 1HZ haina turbo, haina kompyuta. Pampu yake ya nozo ni ya vyuma vitupu na inaeleweka. Injini mpya zaidi kama 1KD, ile ya D-4D iliyokuja mwaka 2000, husukuma mazuti kwa mgandamizo unaozidi mara elfu ule wa hewa ya kawaida, na nozo zake huamriwa na umeme. Ni nzuri, zina nguvu, zinakula kidogo. Lakini maji kidogo katika mazuti yanaua nozo, na mazuti yanayouzwa na makadafi, wachuuzi wa mafuta, kwenye vidumu vya barabarani mara nyingi yana maji. Mtu wa Kabambare anayenunua 1KD iliyokufa kwa sababu ni rahisi amenunua mzigo wa kuwekea mlango. Anayekwenda sokoni Kigoma au Uvira aombe kuizungusha krenki kwa mkono mzunguko mzima mara mbili, atazame ubavu kama una kiraka, na afungue mfuniko wa oili aangalie utelezi mweupe. Muuzaji akikataa, jibu limepatikana.

Na injini ikishafungwa, kuna jambo ambalo wenye magari hulifanya kwa furaha na kuharibu kila kitu. Gari limewaka, watu wanashangilia, jioni hiyo hiyo linapakiwa tani mbili kwenda Kindu. Ringi mpya bado hazijakaa kwenye silinda zake. Zinahitaji kilomita mia kadhaa za mwendo wa wastani, bila mzigo mkubwa, kisha oili ya kwanza imwagwe pamoja na unga wa chuma uliomo. Anayepakia siku ya kwanza asimlaumu fundi moshi ukianza mwezi wa pili.

Linalobaki ni la kuwaambia wakubwa na wenye mali. Serikali ina chuo chake cha ufundi, INPP, tangu 1964. Kuna shule za ufundi, kuna dayosisi, kuna wafanyabiashara wa mchele wenye malori. Seti nzuri ya mikromita na kipimo cha silinda hugharimu chini ya krenki moja ya 1HZ, na mashine ndogo ya kuchonga silinda, ile inayofungwa juu ya bloku yenyewe, inabebeka kwenye pikapu. Ikiwekwa mahali pamoja Kasongo, chini ya mafundi wawili waliofunzwa, na kila garaji likalipia kila silinda inayochongwa, safari za Bukavu zitapungua na makopo ya maziwa yatarudi jikoni. Mfanyabiashara atakayevuka ziwa mwezi huu na aanze na mikromita, kabla ya kuleta injini nyingine.